Kabla ya Kupanga Anime za 2023, Tukubaliane Kalenda

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi asubuhi mbele ya wapenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, huko Nyamagana, Mwanza. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.

Mwangaluka, ndugu zangu! Hamjambo wa Igoma, hamjambo wa Kirumba, hamjambo ninyi mliotoka Sengerema mkavuka Busisi darajani bila kungoja pantoni. Kaka zangu, dada zangu, na wazazi wachache mliosindikiza watoto mkidhani mnakuja kuona katuni: karibuni, viti vya mbele vipo.

Tumeitana kupanga anime bora za mwaka 2023, ya kwanza mpaka ya saba. Najua kila mmoja amekuja na orodha yake mfukoni. Naomba zikae mfukoni kwanza. Kwa sababu nitawaambia jambo moja asubuhi hii, nitalirudia mpaka mnichoke: mshindi haamuliwi na macho yako peke yake, anaamuliwa na masharti uliyoweka kabla ya kuhesabu. Ukibadilisha sharti moja tu, kombe linahamia kabati jingine. Na kwa mwaka 2023 nitawaonesha sharti lenyewe ni lipi.

Kwanza, kwa nini 2023 na si mwaka jana? Kwa sababu mwaka wa anime hauishi tarehe 31 Desemba. Televisheni ya Japani inaugawa mwaka robo nne: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Kila robo hubeba sehemu 11 hadi 13 za mfululizo mmoja. Mfululizo ukiwa na sehemu 24 unakula robo mbili, na ukianza Oktoba utaisha Machi ya mwaka unaofuata. Sasa huo ni wa mwaka gani?

Tuchukue Frieren, kazi ya studio ya Madhouse. Ilianza tarehe 29 Septemba 2023 kwa sehemu nne kwa mpigo, saa mbili nzima, kwenye muda wa filamu za Ijumaa. Baada ya hapo ikawa sehemu moja kila Ijumaa. Hesabuni nami: Oktoba nne, Novemba nne, Desemba nne. Kufikia tarehe 22 Desemba tuna 16. Ya 17 imekuja tarehe 5 Januari 2024, na ya 28, ambayo ndiyo ya mwisho ya msimu huo, tarehe 22 Machi. Kumi na sita kati ya ishirini na nane: zaidi ya nusu ziko ndani ya 2023, na sharti letu la kwanza linasema mwaka wenye sehemu nyingi ndio mwaka wake. Hiyo ni rahisi.

The Apothecary Diaries je? Ilianza Oktoba 2023 kwa sehemu tatu usiku mmoja, ikaenda moja kwa wiki, na mwaka ulipogeuka zilikuwa zimetoka 12. Zilizobaki? Kumi na mbili. Nusu kwa nusu, kama vile wamepima kwa kamba! Hapo sharti la wingi linakwama. Ndiyo maana tunaweka sharti la pili: zikilingana, mwaka wa kuanza ndio mwaka wake. Iandikeni hiyo.

Na Attack on Titan? Nawasikia huko nyuma. Ndiyo, ilifika mwisho tarehe 5 Novemba 2023, na ndiyo, kulikuwa na kipindi maalumu cha Machi na kingine cha Novemba. Lakini huo ni mkia wa ng'ombe aliyezaliwa Aprili 2013. Hatuupi mkia nafasi ya ng'ombe mzima. Msiponisamehe leo, mtanisamehe tukipanga mfululizo bora wa miaka kumi.

Kuna na jambo la saa, maana wapo wanaogombania tarehe bure. Ratiba za Japani huandika saa 24:30, saa 25:05. Saa 25 ndiyo saa gani? Ni saa saba usiku. Siku imeshageuka, ila mwandika ratiba anaishikilia jana. Msimu wa pili wa Vinland Saga uliandikwa Jumatatu ya tarehe 9 Januari saa 24:30, ukahesabiwa tarehe 10. Japani wametutangulia saa sita, kwa hiyo hapa Mwanza ilikuwa Jumatatu saa kumi na mbili na nusu jioni, jua linazama nyuma ya mawe. Na tusiwacheke: sisi kwa desturi ya Kiswahili usiku wa kuamkia Jumanne tunauita usiku wa Jumanne. Wao wanaing'ang'ania siku iliyopita, sisi tunaiwahi inayokuja. Tumieni tarehe halisi ya Japani, ugomvi uishe.

Mwisho wa kalenda: kipi ni anime na kipi si anime? Blue Eye Samurai ilitoka Novemba 2023, panga na kimono tele, lakini imechorwa Ufaransa na studio ya Blue Spirit. Haimo. Kizazi Moto ilitoka Julai 2023 ikiwa na filamu fupi kumi za Waafrika, mojawapo Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hili. Nayo haimo, na inaniuma kuitoa. Itazameni hata hivyo.

Sasa twende kwenye mizani.

Ndugu zangu, nani kati yenu hutoa alama kumi kwa kumi? Nyosheni mikono. Nani hutoa nane? Mnaona! Ukumbi mzima ni nane. Mizani ya kumi ina ugonjwa huo: kibaya kinapata sita, kizuri kinapata tisa, vingine vyote vinarundikana kwenye nane, na ukijumlisha hupati mpangilio, unapata msongamano wa kituo cha daladala.

Dawa yake ni mechi. Unaviweka viwili viwili na kuuliza swali moja: ningelazimika kubaki na kimoja tu, nabaki na kipi? Hakuna sare. Chagua tatu kutoka kila robo ya mwaka, unapata kumi na mbili. Kumi na mbili zikikutana zote ni mechi 66. Ukizipa dakika tatu tatu ni dakika 198, saa tatu na robo na ushee. Mtu mmoja anaweza kuzimaliza nyumbani kwa jioni mbili.

Kumi na mbili zetu ndizo hizi. Januari: Vinland Saga 2, Trigun Stampede, Buddy Daddies. Aprili: Oshi no Ko, Skip and Loafer, Heavenly Delusion. Julai: Jujutsu Kaisen 2, Zom 100, My Happy Marriage. Oktoba: Frieren, The Apothecary Diaries, Pluto. Kasoro yake mnaiona wenyewe: Aprili ilikuwa nene. Hell's Paradise imeachwa nje, kijiji cha wafua panga cha Demon Slayer kimeachwa nje, huku Januari nafasi ya tatu imepatikana kwa kuhurumiana. Unaweza kuongeza nafasi mbili za walioshindwa vizuri, mkawa kumi na nne. Mechi zinapanda hadi 91, yaani saa nne na nusu. Ukumbi tumeukodi kwa nusu siku tu.

Mechi zinaharibika wapi? Pa kwanza ni duara. Oshi no Ko inaifunga Zom 100, Zom 100 inaifunga Trigun, Trigun inaifunga Oshi no Ko. Mtu anachanganyikiwa anarudi kwenye alama. Usirudi. Tazama upya sehemu moja moja kutoka katikati ya kila mfululizo, ya sita au ya saba. Usichukue ya kwanza wala ya mwisho, kwa sababu hizo ndizo studio humwagia pesa na muda. Katikati ndiko nyumba isiyotarajia mgeni.

Oshi no Ko ndiyo somo lenyewe. Sehemu yake ya kwanza ni dakika 90, filamu nzima, na ni moja ya fungua-pazia kali za mwaka ule. Wengi waliipa ubingwa wa mwaka mwezi Aprili, zikiwa bado zimebaki sehemu kumi! Kisha zikaja zile za kawaida za dakika ishirini na kitu, mwendo ukabadilika, na walioandika kombe kwa wino wakaanza kutafuta raba.

Pa pili ni usahaulifu. Anime ya Oktoba iko mdomoni bado Desemba inapofika; ya Januari imeshaoshwa na mvua mbili. Vinland Saga 2 ilimalizika Juni. Jujutsu Kaisen 2 ilimalizika tarehe 28 Desemba, siku tatu kabla ya watu kupanga orodha. Mnadhani ipi ilipigiwa kelele? Daftari la senti chache linatibu hili: mfululizo ukiisha, andika wiki hiyohiyo sentensi tatu. Kilichokushika, kilichokuchosha, na mhusika gani ungeweza kumweleza mtu bila kutaja nguvu zake. Desemba unasoma daftari, husomi kichwa chako.

Pa tatu ni ile kanuni ya sehemu tatu: tazama tatu, isipokushika acha. Kwa mfululizo wa sehemu 12, tatu ni robo, sawa. Kwa wa 24, robo ni sita! Unaionja pilau kwa punje moja kisha unasema haina chumvi. Waliomwacha Thorfinn, mhusika mkuu wa Vinland Saga 2, kwenye sehemu ya tatu walimwacha kabla hajashika jembe sawasawa.

Na gharama? Zile kumi na mbili zina jumla ya sehemu 191. Kwa ubora wa 480 unaotosha kioo cha simu, sehemu moja ya dakika 24 hula kama MB 150, kwa hiyo jumla andaa karibu GB 30. Kila sehemu ina wimbo wa kufungulia wa dakika moja na nusu na wa kufungia kama huo. Ukivuka vyote viwili unabaki na dakika 21. Msivuke kwenye sehemu ya kwanza na ya mwisho, kwani mara nyingi hadithi imepenyezwa humo. Pakueni kwenye Wi-Fi, msile bando la mchana. Na kwa waliotazama kibanda umiza na mtafsiri juu: raha mmepata, hilo silipingi, ila msitoe hukumu ya sauti za waigizaji. Mlichosikia ni sauti ya mtafsiri.

Basi, saba zilizopenya. Nitazitaja kutoka chini, na za chini nitapita haraka.

Ya saba Oshi no Ko, sababu mmeisikia.

Ya sita, Jujutsu Kaisen 2. Tulieni! Tulieni kwanza. Msimu ule una sehemu 23: tano za ujana wa Gojo na Geto, wachawi wawili marafiki, na kumi na nane za mapigano ya Shibuya, mtaa wa Tokyo. Zile tano ningeziweka tatu bora peke yake. Kumbukeni Geto anapoingia ukumbini na kuukuta umati unapiga makofi kwa furaha kwa sababu msichana amekufa. Hakuna ngumi hapo, hakuna uchawi. Ni makofi tu, na uso wa kijana anayeanza kuoza ndani. Shibuya ina michoro inayotetemesha, lakini ni mapigano juu ya mapigano, na wachoraji wenyewe walilalamika hadharani mitandaoni kuhusu ratiba waliyobanwa nayo. Ratiba ya namna hiyo huonekana kwenye kioo: sehemu moja ni moto, inayofuata mistari imelegea. Zom 100 ilipata kisa cha kalenda pia, ikaahirishwa mara kadhaa mpaka sehemu tatu za mwisho zikatoka pamoja wakati wa Krismasi. Msilaumu mchoraji kabla hamjauliza alipewa siku ngapi.

Ya tano, Pluto. Sehemu nane za takriban saa moja, zote siku moja, tarehe 26 Oktoba 2023. Naoki Urasawa aliijenga juu ya kisa cha Astro Boy cha Osamu Tezuka, katika vitabu nane vya katuni. Kitabu kimoja, sehemu moja. Sehemu ya kwanza ina roboti wa vita, North No. 2, anayemtumikia mzee mtunzi wa muziki, kipofu, mkali kama pilipili. Roboti hataki kurudi vitani. Anataka kujifunza piano. Mzee anamfukuza kwenye kinanda, mashine itajua nini kuhusu muziki? Sitasema kinachotokea. Nitasema tu kwamba ukiona moshi angani mwishoni mwa sehemu ile, utajua kwa nini Pluto imo hapa. Imeshuka hadi ya tano kwa kuwa mwishoni wahusika wanajazana na hadithi inakimbia.

Ya nne, The Apothecary Diaries. Dada zangu, hii inawahusu kwa karibu. Maomao ni mjuzi wa dawa aliyetekwa na kuuzwa kuwa mtumishi katika kasri la wake wa mfalme. Watoto wachanga wa mfalme wanakufa, watu wananong'ona laana. Maomao anatazama dalili na kuona kitu cheupe: poda ya uso. Poda ile ina madini ya risasi. Mama anajipaka usoni na kifuani, mtoto ananyonya, sumu inaingia kidogo kidogo kwenye mwili ambao ni mdogo mno kuihimili. Anaandika onyo kwenye kipande cha kitambaa, analifunga kwenye tawi la maua, anawaachia wake wawili. Mmoja anasikia, mtoto anapona. Mwingine hasikii.

Nani humu hajui mkorogo wenye zebaki? Nani hajaona wachimbaji wadogo upande wa Geita wakikamatisha dhahabu kwa zebaki hiyohiyo, mikono mitupu? Hadithi imewekwa katika kasri la kubuni lenye sura ya China ya kale, lakini sumu yake ni ya kweli na duka lake liko mtaani.

Ya tatu, Skip and Loafer ya P.A. Works, sehemu 12, na najua nusu yenu hamjaiona. Mitsumi ametoka kijiji cha pwani huko Ishikawa, ameenda Tokyo kusoma sekondari, na maisha yake yote ameshayapanga: chuo kikuu, kazi serikalini, kisha arudi kukiokoa kijiji kinachoishiwa watu. Mtoto wa Ukerewe anayeshuka bandarini kwa mara ya kwanza na begi la mgongoni anamfahamu huyu bila maandishi ya chini. Siku ya kwanza anapotea stesheni. Anachelewa, anakimbia, anatoa hotuba ya wanafunzi wapya bila kukosea neno, anashuka jukwaani, kisha anamtapikia mwalimu wake. Nami niko jukwaani hapa, niombeeni. Mfululizo huu hauna adui hata mmoja, na hauchoshi hata dakika moja. Hilo ni gumu kuliko kuchora moto.

Zimebaki mbili. Na hapa ndipo lile sharti nililowaambia linapouma.

Frieren ni elfi, kiumbe wa hadithi anayeishi muda mrefu kuliko binadamu, na ameishi zaidi ya miaka elfu moja. Alisafiri na shujaa Himmel miaka kumi, wakamshinda mfalme wa mashetani, wakaachana. Miaka hamsini baadaye Himmel anakufa akiwa mzee, na Frieren analia kaburini kwa sababu anagundua hakujishughulisha kumjua. Hadithi za wengine huishia shujaa anaporudi nyumbani. Hii inaanzia hapo. Katika sehemu ya pili anatumia miezi akitafuta ua la bluu ambalo wengi waliamini limetoweka, ili alipande kwenye sanamu ya Himmel. Miezi, kwa ua moja! Kasi hiyo ndiyo utamu wake.

Lakini kuanzia sehemu ya 18 unaingia mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza. Makundi, duru, mapambano, watahiniwa wengi wapya. Ni mzuri, sikatai, ila ni ule ugali tuliokwisha kula kwenye anime nyingine, nao unachukua sehemu 11 kati ya 28. Na ya 18 ilitoka lini? Januari 2024! Mmeona? Anayehesabu zile tu zilizorushwa ndani ya 2023 anaipata Frieren ya sehemu 16 isiyo na mtihani hata mmoja, na kwake Frieren ni ya kwanza bila ubishi. Anayehukumu mfululizo mzima, mtihani unaushusha. Watu wawili, macho yaleyale, mapenzi yaleyale, mabingwa wawili tofauti. Sisi tumekubaliana kuhukumu mzima.

Kwa sharti hilo, ya kwanza ni Vinland Saga 2. MAPPA waliipokea kutoka Wit Studio waliochora msimu wa 2019, mwongozaji akabaki yuleyule, Shuhei Yabuta. Sehemu 24, zote ndani ya mwaka mmoja, Januari hadi Juni.

Msimu wa kwanza ulikuwa visu na kisasi. Wa pili, Thorfinn ni mtumwa kwenye shamba la Ketil huko Denmark, macho yamekufa. Anapewa mwenzake, Einar, na msitu. Masharti ya Ketil: fyekeni, limeni ngano, mazao yawakomboe. Na anime inatuonesha kazi yenyewe, hatua kwa hatua. Mti ukianguka kazi haijaisha, kuna kisiki. Unachimba pembeni, unakata mizizi mmoja mmoja, unavuta, hakitoki, unachimba tena. Ninyi watoto wa Misungwi na Magu mnajua kisiki ni nini; plau ikikigonga, maksai wanasimama na mpini unakupiga mbavuni. Wanaomba farasi, wananyimwa kwa sababu ni watumwa. Mzee Sverkel, baba yake Ketil, anawaazima wake, walipe kwa kumfanyia kazi. Ngano inachipua. Kisha vibarua huru wenye kijicho wanaing'oa miche usiku.

Stelingi wa kibandani angefanya nini? Mnajua. Thorfinn anarusha ngumi, halafu anatumia sehemu zote zilizobaki kujifunza kutoirusha tena. Karibu na mwisho anasimama kupokea ngumi mia moja bila kujibu hata moja, ili tu aruhusiwe kuzungumza na mfalme Canute dakika chache. Anasema hana adui. Mkulima aliyeng'oa visiki sehemu ishirini akisema hivyo unamwamini. Msimu ungekuwa na sehemu 12 usingemwamini.

Udhaifu wake upo: mwanzo ni mzito, na bila zile sehemu 24 za 2019 nusu ya uzito unapotea. Atakayemtetea Frieren ana pa kushika.

Basi tuanze. Saba zikikutana zote ni mechi 21, dakika tatu tatu, dakika 63. Karatasi ziko mlangoni. Andikeni kwa kalamu, si penseli, na jina moja kwa kila mechi. Karatasi yenye majina mawili inatupwa. Tunaanza na ngumu: Frieren na Vinland. Wa Frieren, nani anapita mbele?